Malkia wa Kijenge Anadai Kodi

Basi la Arusha hutoka Tanga alfajiri, stendi ya Kange ikiwa bado gizani, na anayesafiri mara ya kwanza hujulikana kwa mizigo yake. Mimi nilikuwa na kapu la machungwa ya Muheza, samaki wa kukaanga waliozungushiwa magazeti, na kitabu. Kitabu kilikuwa zawadi ya binti wa kaka yangu, anayesoma darasa la nne huko Kijenge: *Alisi Ndani ya Nchi ya Ajabu*, tafsiri ya Ida Hadjivayanis iliyotoka mwaka 2015. Umri wangu huu wote sikuwa nimevuka Same. Watu wa pwani tunaridhika kujua kwamba bara ipo. Kwenda kuhakikisha tunawaachia wafanyabiashara.

Nilipanga kukisoma tena njiani, maana shangazi anayeleta kitabu asichokijua huumbuka haraka. Hadi Segera nilikuwa nimeshaanguka na Alisi ndani ya shimo la sungura, na nilikuwa nimeshakumbuka jambo ambalo waliozoea sinema zake hulisahau: ndani ya kitabu hiki hakutokei mambo mengi. Watu wanabishana, basi. Kiwavi anamhoji mtoto, chai inanywewa kwa matusi ya heshima, Kasa anasimulia masomo aliyosoma baharini huku akilia. Charles Dodgson, mwalimu wa hisabati wa Oxford aliyejiita Lewis Carroll, alianza kuitunga hadithi hii kwa mdomo tarehe 4 Julai 1862, ndani ya mashua, akiwatuliza mabinti watatu wa mkuu wa chuo chake. Ilipochapwa mwaka 1865 ilibaki vilevile, mazungumzo ya watu wasio na haraka ya kufika. Nadhani ndiyo maana niliipenda tangu zamani. Ningeikuta barazani kwetu, Chumbageni, saa kumi jioni, nisingeshangaa.

Korogwe tulisimama kidogo. Upande wa kulia milima ya Usambara ilikuwa imevaa ukungu hadi kiunoni, na huko juu ndiko Vugiri. Wengi wanaopita barabara hii hawajui kwamba Vugiri palikuwa na studio ya filamu, tena miaka ya 1935 hadi 1937, wakati hata Dar es Salaam watu walikuwa wakihesabu majumba ya sinema kwa vidole vya mkono mmoja. Mwingereza mmoja, Meja Notcutt, aliweka kambi huko, akisaidiwa na wamisionari na fedha za Carnegie kutoka Marekani, akatengeneza filamu 35 za kuwafundisha Waafrika kilimo, afya na kuweka akiba. Nyingi zilikuwa mahubiri, na mahubiri yenyewe hayakuwa mazuri. Ila kuna jambo moja la kiufundi ambalo silisahau. Picha zao zilikuwa kimya, na sauti iliwekwa pembeni, kwenye sahani za santuri. Lori lilipofika kijijini, picha ileile iliweza kusemeshwa Kiswahili, na kwingine lugha nyingine. Picha ya mmoja, mdomo wa mwingine. Niliangalia ile milima mpaka ikabaki nyuma, kisha nikala chungwa.

Kutoka Mombo hadi Mwanga sina la kusema isipokuwa kwamba ni mbali, na kwamba Upareni upepo ni wa moto hata mwezi Juni. Kilimanjaro sikuuona. Abiria wa pembeni yangu, mama mmoja wa Himo, aliniambia kwa utulivu wa mtu aliyezoea kuwaomba wageni radhi kwa niaba ya mlima kwamba leo haupo. Tulipopita Boma Ng'ombe ndipo mlima mwingine ukajitokeza mbele, peke yake, umechongoka, upande mmoja kama umeng'atwa. Huo ni Meru, mita 4,566. Hapo nilifunga kitabu. Kuanzia Usa River hadi Tengeru nyasi zilikuwa za kijani ambacho sisi tunakiona mwezi wa Mei tu, na ndani ya basi watu wakaanza kuvaa masweta bila kuambizana. Mimi nilikuwa nimevaa dera.

Arusha mjini sikukaa. Kaka alinipokea stendi, akaniwekea koti lake begani kabla hata ya salamu kuisha, tukapanda kifodi. Huku ndivyo wanavyoita daladala zao, na konda wetu alitaja vituo kwa kasi ambayo mgeni hawezi kuidaka: Mnara wa Saa, Impala, Kijenge, Mwanama. Tulivuka Themi, mto mdogo wenye kelele kubwa, tukazunguka pale Impala, tukashuka mahali ambapo lami inaishia na mitaa inaanza kupanda.

Nilitarajia jiji. Kijenge ni jiji na shamba vimekubaliana kutogombana. Kati ya nyumba na nyumba kuna migomba, kuna gereji yenye Land Cruiser za watalii zilizofunguliwa matumbo, kuna duka la Mangi, baa ya nyama choma, kanisa, msikiti, kinyozi, kanisa lingine. Sehemu kubwa ya nyumba ni za kupanga, vyumba vimepangwa mstari kuzunguka uwanja mmoja wenye bomba moja, na hilo la kupanga mlishike, maana linahusika na hadithi. Watoto walikuwa wakicheza chandimu kwenye mteremko. Timu ya juu inashinda daima, lakini inakimbilia mpira zaidi.

Wifi yangu ni Mmeru. Alinipokea kwa loshoro, mahindi yaliyokobolewa yakachanganywa na maziwa mgando, chakula ambacho mtu wa pwani hukikaribia kwa uangalifu na kukimaliza kwa aibu. Samaki wangu waliisha kabla sijavua viatu. Baada ya kula nikamwita mtoto, nikampa kitabu kwa sherehe kidogo. Akakitazama, akakigeuza, akasoma jina polepole.

"Shangazi, hii naijua."

"Umeisomea shuleni?"

"Hapana. Ya yule dada aliyekataa mahari. Ipo kibandani. Jumamosi wanairudia."

Kaka akacheka kwa namna ambayo ilinifahamisha kwamba hakukusudia nijue mwanawe anakwenda kibanda umiza. Wifi akaanza kuosha vyombo kwa nguvu. Mimi, ambaye nilikuwa nimesafiri siku nzima kuleta hadithi mahali ambapo ilikuwa imeshafika, niliuliza tu kiingilio ni kiasi gani.

Watoto shilingi 200, wakubwa 500. Jumamosi tulikwenda. Kibanda kiko nyuma ya gereji, kuta za mabati, madirisha yamezibwa kwa maboksi, mabenchi ya mbao ambayo ndiyo yaliyoipa nafasi hiyo jina lake, kwa sababu baada ya saa moja yanaumiza kweli. Mbele kuna runinga bapa, spika mbili, na kiti cha plastiki chenye mto. Kiti ni cha DJ. Huyu si wa kupiga muziki. Anatafsiri muvi, moja kwa moja, maikrofoni mkononi, akiipunguza sauti ya filamu kila anapotaka kusema na kuiachia inapomfaa. Kazi hii ina ukoo. Uganda wana VJ Jingo, Kenya wana DJ Afro, na kwetu kabla ya hao wa sasa alikuwepo Lufufu, ambaye kanda zake za VHS zilizunguka nchi nzima na kuwafanya watu wa mikoani waamini kwamba waigizaji wa Kichina na wa Marekani wote wana sauti moja, nzito, yenye dharau kidogo. Kijana wa Kijenge alikuwa mwembamba, amevaa kofia ya sufu na soksi mbili-mbili kwa baridi. Alinisalimia shikamoo kwenye maikrofoni, kibanda kizima kikageuka kunitazama.

Filamu ilikuwa ile ya Tim Burton ya mwaka 2010. Hadithi ya Alisi imefanyiwa filamu tangu sinema ikiwa changa kabisa. Ya kwanza ni ya mwaka 1903, Uingereza, ya Cecil Hepworth na Percy Stow, dakika kumi na ushee, kimya. Walt Disney akatoa katuni yake mwaka 1951, yenye nyimbo. Hii ya Burton iliingiza zaidi ya dola bilioni 1 duniani, na kwa maoni yangu ndiyo iliyoenda mbali zaidi na kitabu. Alisi wake si mtoto. Ana miaka 19, baba yake amefariki, na anachumbiwa mbele ya kadamnasi na kijana wa kabaila asiyempenda. Anakimbia, anaanguka shimoni, anakuta kwamba aliwahi kufika huko utotoni, na kwamba kuna unabii unaosema atamuua joka. Carroll hakuandika unabii wowote. Joka lenyewe, katika vitabu vyake, limo ndani ya shairi tu, tena katika kitabu cha pili cha mwaka 1871, na anayeliua ni mvulana asiye na jina. Nilipoiona filamu hii Tanga, kwenye kompyuta ya jirani, niliizima kabla ya vita kuisha.

Kibandani sikuizima. Uchumba ulipoanza, DJ aliacha muziki ucheze kidogo, kisha akasema kwa sauti ya mshenga aliyechoka: "Binti, ng'ombe kumi na wawili wako nje, wanakula maua ya watu. Pilau imeiva. Sema ndiyo tukapakue." Alisi akanyamaza, akageuka, akakimbia. Mama mmoja aliyekuwa amesimama mlangoni na ndoo ya maji akasema, "Akili hana," na msichana mwingine wa rika la Alisi akamjibu kwamba akili anayo, mama, hebu mwangalie bwana harusi mwenyewe. Walibishana juu ya vichwa vyetu hadi Alisi alipofika chini ya shimo. Hakuna aliyewanyamazisha.

Halafu kuna sungura. Hapa nilijifunza kitu ambacho kusoma peke yangu kusingenifundisha. Kwa Carroll, Sungura Mweupe ni mtumishi mwoga, anatazama saa yake, anaogopa kuchelewa kwa mkubwa. Watoto wa Kijenge hawakumwamini hata dakika moja. Wamelelewa na sungura mwingine, yule anayemfunga fisi kamba na kumwachia simba jiwe la moto, na wanajua kwamba sungura akionekana ana haraka, kuna mtu anakaribia kuibiwa. Mmoja akapiga kelele, "Dada, usimfuate huyo!" DJ naye hakupingana na hadhira yake. Alimfanya sungura mpiga debe wa stendi: "Twende twende! Siti zipo! Bado mmoja!" huku shimo likiwa mbele na hakuna siti hata moja. Kila aliyewahi kuingia kwenye basi lililoahidiwa kuondoka sasa hivi alielewa Alisi alivyopatikana.

Kiwavi alikuwa mwenyekiti wa mtaa. Anavuta kiko chake, anamtazama mgeni, anauliza yeye ni nani, na Alisi anashindwa kujibu, kama ilivyo kitabuni. DJ akaongeza swali moja tu: "Una barua ya utambulisho kutoka ulikotoka?" Paka anayetoweka akawa paka shume, na kila alipoyeyuka hewani na kuacha meno, DJ alilalamika kwamba fundi keshachukua advansi. Karamu ya chai ilikuwa chai ya rangi isiyo na sukari, na ugomvi wote ukawa juu ya nani alitumwa dukani kwa Mangi akarudi bila chenji.

Lakini aliyekimaliza kibanda ni Malkia Mwekundu. Helena Bonham Carter amevimbishwa kichwa kwa kompyuta hadi kimekuwa mara mbili ya kawaida, na kila anayemuudhi anaagiza akatwe shingo. Mtafsiri wetu hakukata shingo ya mtu. Malkia wake ni mama mwenye nyumba. "Kodi ya miezi sita, kwa mkupuo! Na umeme bado! Na nani kala maandazi yangu?" Yule chura anayetetemeka akakana. Malkia akavuta pumzi, na kabla DJ hajafungua mdomo, watoto wote, wa mabenchi ya mbele na wa nyuma, binti wa kaka yangu akiwa wa kwanza, wakatamka hukumu: "Mtolee vyombo nje!"

Nilicheka mpaka koti la kaka likaanguka. Kisha nikawatazama wale watoto. Karibu wote wanaishi kwenye vyumba vya kupanga, na wapo waliowahi kuona godoro la kwao uwanjani, mvua ikikaribia. Shingo kukatwa ni jambo la hadithi. Vyombo kutolewa nje kunamtokea mtu wanayemjua. Mzaha wa DJ ulikuwa na makali ambayo Malkia wa Burton, pamoja na kichwa chake chote, hakuwa nayo, na yalikuwa makali yaleyale ya kitabuni, ambako Malkia anatisha na kuchekesha kwa pumzi moja na hakuna anayejua kama amri yake itatekelezwa.

Vita vilipofika, DJ alinyamaza. Aliiachia filamu sauti yake, joka likatema, upanga ukapita, kichwa kikabiringika ngazini. Watoto walishangilia, benchi letu likayumba. Mimi nilikuwa nimerudi Tanga kwenye kompyuta ya jirani. Kila mahali DJ alipofungua mdomo, nilimsikia Carroll; kila aliponyamaza, nilibaki na Hollywood peke yake. Kitabu kile ni maneno matupu, na filamu ilikuwa imeyatupa maneno ikabakiza mavazi. Kijana mwenye soksi mbili-mbili alikuwa akiyarejesha, bila kuwahi kukisoma, kwa sababu tu hawezi kukaa na picha inayobishana asishiriki ubishi. Mwisho, Alisi anapanda meli kwenda China kufungua biashara. DJ hakubadilisha lolote, ila alitaja Guangzhou, na akawataka wanaotaka kuagiza viatu waache namba zao.

Kuna la kusemwa kuhusu haki. Disney, wenye filamu hiyo, hawakupata hata senti ya ile 500 yangu, na mtu anayeishi kwa kuandika hawezi kulipuuza hilo. Sina utetezi wa kisheria wa kibanda umiza. Ninasema tu nilichokiona.

Nje tulimkuta mzee jirani akiota jua la jioni, lililokuwa halina joto lolote. Aliposikia tunatoka kwenye muvi akatuambia sinema ilikuwa zamani, Metropole, mjini, watu wakivaa suti. Na kwamba Arusha yenyewe imo katika filamu: *Hatari!* ya Howard Hawks, iliyotoka mwaka 1962, John Wayne akikimbiza vifaru huku pande za Momella, na mwishoni watoto wa tembo wakimsaka msichana mitaani. Ni kweli. Labda ndiyo maana sungura mwenye koti hakumshangaza mtu hapa. Nilitaka kumwuliza mzee zaidi, lakini alikuwa ameshaanza kuueleza ugomvi wake na mwenye gereji, na ugomvi huo hauhusu sinema.

Usiku DJ alikuja nyumbani. Mtoto alikuwa amemtangazia kwamba shangazi ana kitabu cha muvi. Alikaa ukingoni mwa kochi, akakataa loshoro kwa heshima, akakubali mara ya pili, akaanza kufungua kurasa. Nilimwambia kwamba kabla ya hiki kulikuwa na kingine, *Elisi katika Nchi ya Ajabu*, cha mwaka 1940, kilichotafsiriwa na mama mmoja wa Kiingereza, na kwamba aliyechora picha zake alimfanya Elisi msichana wa Kiafrika. DJ akatikisa kichwa taratibu. Alisema huyo mchoraji alikuwa DJ.

Kisha akafika kwa Kasa. Burton hakumtumia Kasa, kwa hiyo hakuwahi kukutana naye. Akasoma ukurasa, midomo ikicheza, akarudi nyuma, akausoma tena. "Huyu analia nini, mama?" Nikamwambia analilia shule yake. Akafikiri. "Basi ni yule aliyefeli fomu foo akarudia, akafeli, lakini Kiingereza chake kizuri." Akamwigiza hapo hapo, kwa sauti ya puani, ya kilio na majivuno pamoja, na wifi, ambaye tangu mchana hakuwa amesema neno zuri juu ya kibanda, akalazimika kuweka kikombe chini.

Aliuliza kama anaweza kukiazima. Hakuniuliza mimi, alimwuliza mwenye mali. Binti wa kaka yangu alikuwa ameshaanza kukisoma na alikuwa na malalamiko: mbona hakina vita, na mbona dada mwenyewe ni mtoto. Hata hivyo hakukitoa bure. Alikaa kitini kama mwenye nyumba, akaeleza masharti: aingie kibandani bila kulipa, yeye na mwenzake mmoja, hadi kitabu kitakaporudi. DJ akajaribu kupunguza yule mwenzake. Ikashindikana. Wakapeana mikono.

Tangu nirudi Tanga nimempigia kaka simu kuuliza habari za kitabu. Anasema DJ bado yuko kwa Kiwavi, anasoma ukurasa kwa juma, na mtoto hamharakishi hata kidogo.